Jike Asiye na Doa Wala Mstari

Kinyozi mmoja, ambaye wateja walimwita Wembe, alijaliwa ulimi mwepesi kuliko mkasi wake. Sebuleni kwake, mahali palipokuwa na televisheni zamani, aliweka tangi la kioo lenye sikilidi, samaki wa maziwa ya Afrika. Madume walipendeza: mmoja buluu, mwingine manjano kama kiini cha yai. Majike watatu walikuwa wote kijivu, kijivu cha maji ya kudekia.

"Mwenye madoa matatu ubavuni ni mke wa yule wa buluu," alitangaza. "Mwenye mstari wa mshazari ni wa manjano."

"Na huyu asiye na doa wala mstari?" mkewe akauliza.

"Huyo... wa buluu pia. Mtazame macho."

"Wewe! Juzi jikoni ulimkumbatia dada yangu ukidhani ni mimi, leo unatambua samaki kwa macho?"

Wembe akajitia kukohoa.

Haikupita muda, jike yule akavimba mashavu, akagoma kula. Wembe akaamua ana jipu la jino, akaja na dawa. Mkewe akamdaka mkono.

"Hebu chungulia kwanza."

Walichungulia, pua zikigusa kioo. Mdomoni mwa jike, vijicho kadhaa navyo vikawachungulia. Kumbe alikuwa amebeba wanawe mdomoni, kama wafanyavyo sikilidi!

Wembe nusura apae. Akamwahidi mwokaji wa mtaani, mfugaji mwenzake: "Nitakupa buluu tupu, damu safi!"

Watoto wakakua, wakaanza kutoa rangi. Si buluu, si manjano: rangi ya shati jeupe lililofuliwa pamoja na soksi nyeusi.

"Mpelekee tu," mkewe akamchokoza. "Atajuaje?"

Wembe alitamani, lakini roho ikamsuta. Akamleta mwokaji aone mwenyewe. Mwokaji, unga bado kwenye nyusi, alimkodolea jike yule hadi chai ikapoa.

"Ndugu yangu, midomo minene namna hiyo? Huyu si wa buluu wala wa manjano. Ni aina nyingine kabisa, na hawa watoto ni machotara. Mume wake hayumo humu ndani!"

"Aina gani?"

"Hata mimi sijui."

Wakaangua kicheko, mke wa Wembe akacheka zaidi yao.

Watoto wale hawakupewa mtu. Jike alihamishiwa tangi lake peke yake, juu ya kabati la vyombo, na vikombe vya mke wa Wembe vikahamia chini ya kitanda. Kwa hilo, mke hakucheka.