Moto wa Shefu Ulionekana Kutoka Angani

Juzi, katika ofisi ya mazingira hapa Kasongo, shefu wa kijiji cha upande wa Wamaza alimleta mama mkulima, akitaka anyang'anywe shamba kwa kosa la kuchoma msitu. Fundi wa ofisi akafungua kwenye kompyuta picha za setilaiti za miaka iliyopita.

"Penye weusi huu ndipo palipoungua. Kila kiangazi moto unaanzia hapa, unashuka kwa mama."

"Hapa iko wapi?" shefu akauliza, kidole kwenye kioo.

"Pori lako la kuwindia, papa shefu."

Kidole kikarudi mfukoni.

"Setilaiti inapita saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Basi tutachoma jioni."

"Weusi hautoki usiku mmoja, papa."

Mama akajifunga kitenge upya, akarudi shambani kwake.

Mashahidi wa kijijini tunawanyamazisha kwa paja la mnyama. Huyu wa angani tutampandishia paja kwa ngazi gani?