Uboho wa Zamda

Kwa miaka ishirini na mbili Zamda Mussa aliuza supu ya mifupa pale Ipuli, na kila mteja aliyesita kugonga mfupa kwenye sahani ili ute wa ndani utoke alielezwa kwamba uboho wa ng'ombe huenda moja kwa moja kuongeza kinga ya mwili. Hakuwa anadanganya, aliamini. Hata alipoanzishiwa vidonge vya tezi ya shingo, akaonywa arudi mbio koo likiuma au homa ikipanda, aliona onyo hilo ni la watu wasiokunywa supu.

Koo lilipouma alijitibu kwa bakuli tatu kwa siku, zenye pilipili na ndimu. Siku ya nne hata mate hayakupita. Mpwa wake, Ummy, akamkimbiza hospitali.

Damu ilipopimwa, chembe nyeupe zinazotangulia kupambana na vijidudu zilikuwa karibu hazipo. Wakamchoma sindano kwenye mfupa wa nyonga, wakavuta uboho kidogo. Daktari Sixbert akamweleza kwamba chembe za kinga huzaliwa humo: chembe mama hugawanyika, watoto wake hukomaa hatua kwa hatua, kisha hutoka kuingia kwenye damu, wengine humalizia kukomaa kwenye tezi ya kifuani. Za kwake zilikuwa zinakufa zingali changa. Vidonge vya shingo ndivyo vilivyoziua.

"Na uboho wa ng'ombe niliokula miaka yote hii?"

"Tumbo limeusaga kama linavyosaga ugali, mama. Haukufika mfupani."

Jibu hilo lilimuuma kuliko sindano.

Vidonge vikasimamishwa, akatundikiwa dawa za kuua vijidudu, na siku ya kumi chembe zikaanza kurudi. Zamda akarejea Ipuli ameapa kusema kweli. Akawaambia wateja, mmoja mmoja, kwamba supu haikumsaidia kitu. Wakaitikia kwa adabu, wakaongeza oda. Mtu aliyekuwa karibu kukata roho amerudi mzima, nani asingetaka supu yake?

Masolwa, mkulima wa tumbaku wa Goweko, aliagiza bakuli la pili. "Dada Zamda, mfanyabiashara hodari hatoi siri. Mimi tangu nisikie habari zako nimeacha vidonge vya presha."

Zamda akamnyang'anya bakuli. Akafunika sufuria, akamwachia Ummy wateja, akampakia Masolwa kwenye bajaji hadi kituo cha afya. Muuguzi alipompima presha, alimkimbilia daktari.

Masolwa alilazwa siku mbili. Alipotoka aliwasimulia watu wa Goweko kwamba yule mama wa supu ana jicho la kuona ugonjwa. Sasa wanamletea wagonjwa wao, naye huwaelekeza wote hospitali kabla hajawauzia hata mchuzi.