Maji Yaliyotoka Darini

Nyumba yetu ya Kirua Vunjo tuliiezeka katika miaka ile mabati yalipoanza kupatikana madukani bila kibali cha mtu. Kabla ya hapo ulihitaji kumjua fulani anayemjua fulani. Sasa ulishuka Moshi asubuhi, mchana ukarudi na mabati yako juu ya lori. Mimi, mwalimu wa Sayansi wa shule ya msingi, nilijiona nimeingia kwenye orodha ya watu.

Fundi wa kuezeka nilimpata Pasua, kule chini Moshi mjini. Alikuwa Mwislamu wa makamo, mpole, asiyependa maneno mengi. Alipima kila mbao mara mbili na kuikata mara moja. Alipomaliza, niliona ameacha matundu juu ya kila dirisha, ameyafunika kwa wavu wa waya, na pia kuna uwazi kati ya ukuta na bati. Nilimuuliza mbona hajamalizia. Akasema nyumba lazima ipumue. Nikamwitikia kwa adabu, lakini moyoni nikasema huyu kachoka, anataka kwenda zake.

Kilichoniharibu ni kitabu. Kule Kiboriloni, kwenye rundo la mitumba, nilikuta kitabu kikubwa cha Wazungu kilichoeleza jinsi ya kuzuia baridi isiingie nyumbani ili mtu asitumie moto mwingi. Kilikuwa na picha nzuri mno. Kiingereza changu kilikuwa cha mwendo wa pole, kwa hiyo nilisoma picha na kuyaacha maelezo. Katika picha, mwanaume aliyevaa glavu alikuwa anajaza vitu kama pamba darini na kutandaza nailoni. Mke wake alisimama pembeni akitabasamu. Niliitazama sana picha ile.

Mwezi wa saba huku juu ukungu hushuka mpaka kwenye migomba na hauondoki kwa siku tatu. Mafuta ya taa yalikuwa yanapanda bei, na kuni ilibidi kuzifuata mbali. Nikamwambia mke wangu kwamba mwaka huu tutapata joto bila kuongeza moto. Aliniuliza kwa njia gani. Nikamwonyesha picha. Akasema yule mwanamke anatabasamu kwa sababu hana kazi ya kufua.

Nilifanya kazi Jumamosi mbili. Dari yetu ilikuwa ya magunia ya kahawa yaliyoshonwa na kupakwa chokaa. Juu yake nilimwaga maranda ya mbao niliyoyapata bure kwa maseremala, na juu ya maranda nikatandaza nailoni nzito mpaka ikagusa bati, nikaipigilia kwa misumari. Matundu ya fundi niliyaziba kwa mifuko ya saruji. Ilipoisha, nikatumia kanga ya mke wangu ambayo mimi niliiona kuukuu. Yeye hakuiona hivyo. Kisha nikaamuru kwamba kupikia jiko la nje ni kupoteza joto. Jiko la mafuta ya taa likaingia ndani, maharage yakachemka sebuleni kuanzia saa nane mchana, na nguo zikaanikwa kwenye kamba juu ya viti.

Nitakuwa mkweli: wiki ya kwanza ilikuwa raha. Niliwaalika walimu wenzangu waje wavue masweta. Mama yangu, ambaye nyumba yake iko kwenye kihamba hichohicho, shamba letu la ukoo, hatua chache chini yetu, alikubali kuja kukaa kwetu mpaka baridi ipungue. Nilijaribu hata kuweka jiko la mkaa sebuleni jioni moja, lakini watoto wakaanza kulalamika vichwa vinauma na mimi mwenyewe nikaona kizunguzungu. Mke wangu alilibeba likiwaka akalitoa nje, akafungua mlango wazi, akasema jiko hilo likirudi ndani yeye atarudi kwao. Hilo nililielewa bila picha.

Wiki ya pili matone yakaanza. Tuliamka tukakuta blanketi limelowa sehemu moja, kisha sehemu tatu. Nyuma ya kabati ukuta ukaota ukungu mweusi. Shati langu la kanisani likaota madoa ya kijani. Nyumba ikanuka kama gunia lililosahauliwa mvuani. Mama alivumilia siku nne, kisha akaaga. Alisema ng'ombe wake hawali vizuri asipolala karibu nao. Nikamwambia kwamba ng'ombe hao wako hatua thelathini tu kutoka hapa. Akasema ndiyo, ni mbali.

Kwangu jambo lilikuwa wazi: bati linavuja, na aliyeliweka ni fundi. Nikamwita. Alipanda mlima, akakagua msumari mmoja mmoja, hakuona kitu. Nilimwita mara ya pili. Safari hiyo alichagua mchana wa jua, akapanda na ndoo, akamwaga maji juu ya bati lote wakati mke wangu anaangalia kwa ndani. Hakuna tone lililoongezeka. Aliposhuka aliingia sebuleni, akaangalia kamba ya nguo, akaangalia sufuria ya maharage, akaangalia matundu yake yaliyozibwa. Akaniuliza nani kayaziba. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya ndani, yeye nimemwita kwa ajili ya bati.

"Mwalimu," alisema, "bati halina tundu. Maji haya si ya mvua."

Nikamuuliza kama si ya mvua ni ya nani. Alichukua ndoo yake akateremka.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta sokoni Kiboriloni, kwenye meza ya muuza misumari. Pembeni yake alikuwepo mzee mmoja aliyevaa kofia, aliyetaka kuezekewa nyumba. Ningeweza kusalimia na kupita. Badala yake nilisimama na kutoa hotuba, kwa ile sauti inayofika dawati la nyuma. Nilisema huyu ameniezekea kichujio. Nilisema watu kama hawa ndio wanaoharibu jina la mafundi. Wauza nyanya waligeuka kutusikiliza. Fundi alirudisha misumari aliyokwisha kuichagua, mmoja mmoja, kwenye boksi. Yule mzee akasema atamtafuta siku nyingine, na kila mtu pale alijua maana yake. Mimi nilipanda nyumbani nikiwa nimeridhika kabisa.

Sasa nieleze jioni ya siku chache baadaye. Nilikuwa mezani nasahihisha madaftari ya darasa la sita. Maharage yanachemka, madirisha yamefungwa, nguo zimeanikwa. Swali la tatu niliwauliza kwa nini maji hutokea upande wa ndani wa mfuniko wa sufuria. Jibu nililowafundisha lilikuwa: mvuke kutoka ndani ukigusa kitu baridi hugeuka kuwa maji. Walikuwa wamelishika vizuri. Nilikuwa naweka vema nyekundu, daftari baada ya daftari, na matone yanadondoka kutoka darini, yanaufuta wino. Nikasogeza kiti. Nikaweka vema nyingine. Tone likadondoka tena. Naona aibu kusema kwamba nilifika daftari la ishirini na kitu kabla sijanyanyua macho.

Watu watano tunapumua humo. Sufuria inachemka humo. Nguo mbichi zinakauka humo. Juu kuna nailoni na bati lenye baridi ya mlima mzima. Nilikuwa nimejenga mfuniko na kuweka familia yangu ndani ya sufuria.

Nikamwita mke wangu nikamweleza, kwa mchoro. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo fundi alikuwa anasema kweli," alisema.

Nilisema ndiyo.

"Basi nenda kamwambie."

Huku kwetu mtu akienda kuomba msamaha hubeba jani la sale, lile tunalopanda mpakani mwa vihamba. Ukipelekewa hilo ni vigumu kukataa. Nilikata jani, nikabeba na mkungu wa ndizi, nikashuka Pasua nikiwa na wasiwasi kwamba yeye si mtu wa mila zetu na ataliona ni jani tu. Alinikaribisha barazani. Nilipolitoa akalipokea kwa mikono miwili. Alisema ameezeka nyumba za huku mlimani miaka mingi, jani analijua. Nikamweleza kila kitu, pamoja na madaftari. Hakucheka. Alisema yeye kwa upande wake amesamehe.

"Lakini mimi ulinisema sokoni, mwalimu," akaongeza. "Hapa barazani tupo wawili tu."

Kwa hiyo Jumamosi nilisimama tena mbele ya meza ya muuza misumari. Safari hiyo sauti haikufika hata dawati la pili. Muuza misumari akasema hasikii. Nikarudia. Nikaeleza kwamba bati ni zima, maji yalikuwa pumzi zetu na maharage yetu, na kosa ni langu. Mama mmoja wa nyanya akauliza huyu anafundisha nini. Akajibiwa Sayansi. Soko lilicheka, na jina la Mwalimu Mvuke lilizaliwa hapo, likapanda mlima haraka kuliko mimi. Kilichonifariji ni kwamba wiki mbili baadaye nilimwona fundi juu ya paa la yule mzee wa kofia.

Kwangu alikuja Jumapili. Tuliitoa nailoni yote. Maranda yalikuwa yamelowa chepechepe, tukayaanika kwenye vichanja vya kahawa mpaka yakakauka, kisha tukayarudisha nusu tu, tukiacha nafasi chini ya bati ili upepo upite. Alizibua matundu yake mwenyewe, na kanga akamkabidhi mke wangu. Jiko likarudi nje, nguo zikarudi kwenye kamba ya uani. Nyumba ilibaki na joto zaidi kidogo kuliko zamani, na ilikuwa kavu. Baadaye nilichukua kamusi nikasoma yale maelezo ya kitabu. Ukurasa uliofuata picha ya nailoni ulikuwa wote unahusu matundu ya hewa.

Mvua za mwezi wa tatu zilipofika, tone likadondoka chumbani. Niliziangalia nguo, ziko nje. Niliangalia jiko, liko nje. Nilikaa na beseni chini ya tone hilo wiki nzima, nikitafuta kosa langu, kabla mke wangu hajapeleka habari Pasua. Fundi alipanda juu, akashuka baada ya dakika chache. Alisema kuna tundu la msumari kwenye bati, upande ule niliopigilia nailoni, lililobaki wazi tulipoing'oa. Safari hii, alisema, ni mvua.