Alama Mbili za Rangi Nyeupe

Enzi zetu kule Boito, ukirudi shuleni hukuuliza kumepikwa nini. Ulitupa mkoba, ukabeba kikapu, ukaingia kwenye majani chai. Mvua ikinyesha tuliteleza mteremkoni juu ya vipande vya mtungi wa plastiki, tukarudi na matope hadi masikioni. Jioni kulikuwa na kimyet, ugali wetu, ya moto na mursik, maziwa ya mgando, na harufu ya mkaa kwenye kibuyu naisikia hadi leo.

Kusugua vibuyu ilikuwa kazi yangu. Mama alinipa sosiot, ile brashi ya ukuti, akaniambia, "Msichana hujulikana na kibuyu chake." Niliamini hivyo kabisa, na hapo ndipo nilipoharibu.

Baba alikuwa fundi wa magari, mwenye jina zuri hadi Merigi. Alikuwa na sheria zake: "Alama kwanza, spana baadaye. Halafu zungusha injini na mkono mara mbili kabla hujawasha." Siku hiyo alikuwa anabadilisha mkanda wa taiming wa pikapu ya Mzee Langat, aliyebebea kijiji kizima maziwa. Gia ya juu, inayozungushwa na mkanda huo, ilitoka kwa injini nyingine, haikuwa na alama ya kiwandani. Kwa hivyo baba alipaka rangi nyeupe, nukta moja kwenye gia na nyingine kwenye injini, zikitazamana. Akatoa mkanda uliochakaa, akaenda kutafuta mpya.

Nikataka kumfurahisha. Nilichukua petroli na sosiot, nikasugua ile gia, nikaizungusha ili nifikie meno yote. Iling'aa kweli. Kisha nikaona nukta hazipo. Badala ya kungoja niseme, nilichovya kijiti kwenye kopo la rangi, nikapaka nyingine kwa kukisia.

Baba alirudi mawingu yakiwa yameshuka na maziwa yakingoja. Mzee Langat alimharakisha. Baba akafunga mkanda, akaangalia nukta, akasema, "Alama zangu hazijawahi kunidanganya." Kwa mara ya kwanza hakuzungusha na mkono. Aliwasha. Injini iligonga mara tatu, ikanyamaza. Valvu zilikuwa zimegongwa na pistoni, zikapinda.

Nilisukumia kile kijiti majanini kwa mguu. Baba alifungua kifuniko, akagusa gia, akafuta kidole kwenye suruali. Kisha akasema, "Mzee, ni mimi nimekosea." Watu wakaacha kumletea magari. Mwaka haukuisha kabla hajabeba kikapu cha majani chai kama sisi watoto, na mimi nilichuma mstari wa pili nikimkwepa macho.

Majuzi nilipeleka gari langu mjini Kericho. Kijana wa gereji alilinganisha alama huku akitazama video kwenye simu, na kila hatua akijipiga picha. Lakini alizungusha injini kwa mkono mara mbili. Nililia mbele yake, naye akadhani naogopa bei.

Nikaendesha moja kwa moja hadi nyumbani, nikamwambia baba yote. Alinimiminia mursik kwanza.

"Nilijua, mama," akasema. "Rangi yangu ilikuwa imekauka. Ile niliyoikuta ilikuwa bado mbichi, ikanishika kidole."

Siku hizi kosa la mtoto lingekuwa kwenye simu za watu wote kabla ya chai ya saa kumi. Enzi zetu baba alifuta kidole kwenye suruali, akalibeba yeye. Aibu yangu niliizoea miaka yote hiyo. Sikujua tulikuwa wawili tukiibeba.