Kuombwa Mara ya Pili

Meneja mpya alipoletwa kutoka bara, jambo la kwanza alilofanya ni kuufungua mlango wa ofisi yake na kuuzuia kwa tofali. Alitueleza kwamba katika uongozi wa kisasa bosi hajifungii, na yeyote mwenye lake aingie tu aseme. Maskini, hakujua amekuja wapi. Kwetu mtu hapiti penye mlango wazi na mwenyewe amekaa ndani, akaacha kumwamkia. Na kumwamkia si kutupa neno moja ukenda zako. Huulizwa alivyoamka, huulizwa mkewe na watoto, huulizwa kama joto la jana lilimwacha alale. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, ukingoni mwa Mji wa Kale, na njia ya kwenda chooni ilipita mlangoni pake. Saa nne ikifika alikuwa hajafungua faili hata moja, na sisi tulishajua ni mtoto wake gani anayeota meno.

Nilimpenda, lakini. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na kampuni yetu ya uwakala wa meli ilikuwa imezoea bosi anayeamua mambo peke yake, nasi tukayasikia kwa dereva wake. Huyu alitukusanya kila Alhamisi, akabandika karatasi kubwa ukutani, akaandika kwa kalamu nene kwamba maamuzi ni yetu sote. Alikuwa amehudhuria semina. Alisema kiongozi wa kweli ni yule anayesikiliza, na wallahi alisikiliza: ulichomwambia ndicho alichokichukua, hakuongeza wala hakupunguza. Hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Sisi tumelelewa hivi: ukikaribishwa, la kwanza ni kukataa. Unasema umeshiba, sasa hivi umetoka kula. Mwenyeji anakushika mkono, anakuapia, nawe unaendelea kukataa kwa sauti inayozidi kulegea, mpaka unajikuta umeketi na tonge liko mkononi. Anayeketi kwa mwito wa kwanza husemwa mtaa mzima. Meneja alikuwa na chupa yake ya chai mezani, na kila aliyeingia alimkaribisha. "Aa, ahsante, nimekunywa sasa hivi," tukamjibu. "Sawa," akasema, akajimiminia yake akanywa, na wewe umesimama unameza mate. Siku moja aliniuliza, kwa heshima kabisa, kama watu wa Mombasa chai tuna mwiko nayo.

Basi mkuu wa idara yetu ya hati za mizigo akastaafu. Alikuwa ameugua muda mrefu kabla ya hapo, na kazi yake nilikuwa nikiifanya mimi, jina likabaki lake. Niliitaka nafasi ile. Sijui niseme vipi: niliitaka hata nikipita kwenye kile kiti kitupu naona kinanitazama. Wenzangu nao walijua kuwa ni mimi, ingawa hakuna aliyetamka.

Meneja akaniita, mlango wazi, tofali mahali pake.

"Madam," akasema, "nimeangalia watu wote. Hii nafasi ningependa uichukue wewe. Unaonaje?"

Moyo ulinirukaruka kwa furaha. Mdomo wangu ukasema, "Aa, mimi tena, bwana? Mimi siwezi. Wako walionitangulia hapa."

Nilikataa vizuri, naweza kujisifu. Niliinamisha macho, nikarekebisha mtandio, sauti ikatoka ya chini. Ilibaki yeye aseme, "La, usiseme hivyo, ni wewe tu," nami nikatae tena kidogo, kisha nimwambie kwa kuwa amenishikilia sana, basi.

"Nakushukuru kwa kuwa mkweli," akasema. "Mimi nauheshimu uamuzi wako."

Akanyanyuka, akanisindikiza mpaka mlangoni.

Jioni nilimweleza mamangu. Alitaka kwanza kujua nilivyokataa, neno kwa neno, na nilipomaliza akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umesema vizuri, mwanangu. Sasa tulia. Yuwaja tena huyo, hana budi."

Nikatulia. Nilijiweka mahali pa kuonekana. Nilipita mlangoni pake mara nyingi kuliko haja ya choo ilivyonidai, nikatoa salamu ndefu, nikasimama. Aliniuliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Kisha nikaona amemwita karani wetu mkongwe, mzee aliyevuka Feri kila asubuhi kutoka Likoni, nami nikaacha kuandika, macho mlangoni. Mzee alitoka huko anatabasamu.

"Nimekataa," akaninong'oneza. "Nimemwambia mimi umri umekwenda, awape vijana."

"Na yeye?"

Tabasamu likampungua. "Ameshukuru."

Aliwaita na wengine, na wote wakatoka na shukrani. Ofisi nzima ikawa imeketi ikingoja, kila mmoja ameshakataa kwa adabu zake, na hakuna aliyerudiwa.

Alhamisi meneja alisimama mbele ya karatasi yake, kalamu mkononi, na uso wa mtu aliyefiwa. "Nimeuliza watu mmoja mmoja," akasema. "Hakuna anayetaka kuongoza. Simlaumu mtu. Kesho nitapiga simu Nairobi watuletee mkuu wa idara."

Wengine walitazama meza, wengine dari. Mimi niliona yote yatakayokuja: mgeni atashuka kwenye treni, nitamwonyesha hati ipi huenda wapi, nitamfundisha watu wa forodha wanavyozungumzwa, na akishajua nitakuwa namwomba ruhusa ya kwenda kuzika. Hasira ilinipanda, na sikujua nimkasirikie yeye aliyetusikiliza au sisi tuliosema.

"Naitaka mimi," nikasema.

Nilisikia masikio yangu yakiwaka. Mwanamke mzima, mbele ya wanaume, nakiomba cheo kwa mdomo wangu.

Meneja akanigeukia. "Lakini nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukakataa."

"Nilikataa."

"Sasa?"

"Ulikuwa uniulize tena, bwana."

Akaiweka kalamu chini. Akauliza, na hakuwa anafanya mzaha: "Mara ngapi?"

Watu ambao tangu aje hawakuwahi kuchangia neno mkutanoni wakaamka. Mmoja akasema mbili zinatosha, hii ni kazi, si posa. Mwingine akasema tatu, mbili ni za chai. Mzee wa Likoni akataka ieleweke kwamba inategemea anayeomba ni nani, na bosi akiomba mara mbili ameshajishusha vya kutosha. Walibishana mpaka wakasahau kuwa bosi mwenyewe yupo, mwisho wakakubaliana kuwa mbili zinatosha. Ulikuwa uamuzi wetu wa kwanza wa pamoja, na haukuwa kwenye ajenda.

"Hata chai?" akauliza meneja polepole.

"Hata chai," tukamwambia.

Nadhani alikuwa akivikumbuka vikombe vyote alivyokunywa peke yake mbele yetu. Kisha akajiweka sawa, akanitazama. "Basi, madam, nakuomba kwa mara ya pili. Tafadhali ichukue nafasi hii."

Na Mungu ni shahidi wangu, mdomo ukaanza wenyewe: "Aa, mimi tena, bwana..."

Mzee alinipiga teke chini ya meza, na halikuwa la mzaha.

"Naichukua," nikasema.

Nilirudi nyumbani kwa miguu kupitia Makadara, nimefurahi na nimeona haya kwa pamoja. Mamangu alikuwa sebuleni akichagua mchele kwenye uteo.

"Amekuja tena?" akauliza kabla sijavua viatu.

"Hakuja. Nimesema mwenyewe, mbele ya watu wote, kuwa naitaka."

Nikangoja nikemewe. Aliendelea kuchagua mchele.

"Wakakupa?"

"Wamenipa."

"Alhamdulillahi," akasema, na mkono ukasimama juu ya uteo. "Mimi n'lipokuwa msichana, mwalimu mkuu alikuja hapa akinitaka nikasomeshe. Alikuwa mgeni, si mtu wa hapa. N'kamwambia mimi siwezi, wako wanaonishinda. Akashukuru, akenda zake."

Jambo hilo sikuwahi kulisikia kwake wala kwa mtu mwingine. "Kwani uliitaka kazi hiyo, mama?"

"N'liitaka mpaka n'kawa silali. Kila mlango ukibishwa hunena ndiye huyo, amerudi." Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitazama. "Sikujua kama mtu yuweza kwenda mwenyewe akasema."