Moyo Uliosimama Mlangoni

Kinachonilisha ni mabango. Nikipita Kasulu mjini naiona kazi yangu kila mahali: kinyozi, mama lishe, duka la dawa za mifugo, wote niliwaandikia mimi, na wengine waling'ang'ania rangi ambazo niliwaambia wazi kwamba ni mbaya. Lakini ile rangi inayobaki kwenye makopo naichorea mambo yangu, kwenye vipande vya plaiwudi, na mambo yangu hayo yamewafanya watu waulizane kama nimetimia. Nachora watu ambao miili yao haijakaa inavyopaswa. Mwanamke ana mdomo kwenye kiganja. Mzee kifua chake ni dirisha, na ndani mvua inanyesha. Jirani yangu alipoiona hiyo ya mvua aliniuliza kama siku hizi nasali.

Aliyenifundisha ni Mkongo mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mtu mzima, aliyekuwa akiuza picha sokoni.

"Usichore ile unaona na macho, dada," alikuwa akiniambia. "Chora kwenye kunauma. Kama ni tumbo inauma, tumbo ikuwe kubwa kupita nyumba."

Basi nikamchora mama.

Mama alikuwa akiishi Heru Juu, peke yake, tangu mdogo wangu wa kiume alipokwenda kutafuta maisha machimboni. Yule ndiye aliyekuwa kitinda mimba, na mama alimpenda kwa upendeleo ambao hakujaribu hata kuuficha. Mwanzoni kijana alipiga simu. Baadaye namba ikawa haipatikani, na aliokwenda nao wakawa wanasema kila mtu lake. Hapo ndipo mama alipoanza kujibu salamu kwa jambo moja tu. Nikimuuliza ameamkaje, ananiambia moyo wake umesimama.

Kwa Kiha chetu mtu mwenye wasiwasi mzito husema hivyo. Hana maana kwamba moyo umeacha kupiga. Ana maana kwamba ulikuwa umekaa, sasa umeinuka, uko wima, unasikiliza, kama mtu aliyesikia mbwa wakibweka akaenda kuchungulia nje.

Nikauchora hivyohivyo. Mama amekaa jikoni anachambua maharage. Kifua chake kiko wazi, ndani hamna kitu. Moyo wenyewe uko mlangoni, mwekundu, umesimama kwa miguu miwili, unatazama njia inayotoka barabarani. Miguu niliupa ya mama, pamoja na ile kucha ya kidole gumba iliyopinda tangu zamani.

Nilimpelekea kwa bodaboda, ubao nimeukumbatia, roho ikiwa juu. Nilitegemea atagomba. Aliutazama sana, akausogelea, akaigusa ile kucha. Kisha akasema, "Umemwacha amesimama? Mpe intebe."

Intebe ni kigoda. Kwetu mgeni hupewa cha kukalia kabla hata ya kuulizwa habari za atokako, na kumwacha amesimama ni kumwambia aende zake. Nilimjibu kwamba kigoda nitakichora siku kijana wake akirudi. Kuchora moyo umekaa wakati mama halali ingekuwa uongo, na uongo naufanya kwenye mabango, inatosha.

"Haya, asimame tu," mama akasema, akarudi kwenye shughuli zake. Picha akaitundika ukutani, ikaelekeana na kitanda chake.

Msimu ule miguu yake ilianza kuvimba. Asubuhi ilikuwa afadhali, ila jioni haikuingia kwenye kandambili. Najua miguu huvimba kwa maradhi, mimi si mjinga. Lakini mimi ndiye niliyeichora ile miguu imesimama, na kila nilipomkanda nilihisi hofu ambayo sikuweza kumweleza mtu. Niliuogopa mkono wangu mwenyewe.

Nilimpeleka hospitali. Tulipokewa na daktari kijana, mpole, ambaye hakuwa Muha. Alimuuliza mama anasumbuliwa na nini. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni, cha kuuza mihogo na kurudi nyumbani.

"Moyo umesimama, daktari," akasema.

Daktari akatabasamu. "Ungekuwa umesimama, mama yangu, tusingekuwa tunaongea."

Nilifungua mdomo nimfafanulie, nikaona nitaanzia wapi. Alimsikiliza kifua kwa uangalifu, akatuambia moyo umetanuka na nguvu zake zimepungua, akatupa dawa na kutupangia siku ya kurudi. Njiani mama akaniuliza yule mtoto wa hospitali amesemaje. Nikamwambia amesema moyo umechoka.

"Utaachaje kuchoka," akasema, "na haujakaa."

Hatukufika siku ya kurudi. Moyo wa mama ulikuwa umesimama kwa Kiha, ukaja ukasimama kwa Kiswahili. Nililia kwa uchungu, na katikati ya kilio nikajikuta nakasirika na lugha zote mbili.

Wakati wa msiba wanawake walihamisha vitu ili watu wapate nafasi ya kukaa. Picha hawakuigusa. Shangazi yangu mmoja aliitazama, akatoka, akarudi na kigoda cha mama cha jikoni, akakiweka chini yake, usawa wa ile miguu. Watu walikaa chini kwenye mikeka na kigoda kikabaki kitupu.

Sijakiondoa. Nikienda kufagia nyumba nakizunguka. Kuna siku nikiingia kutoka juani naona vidole vya ile miguu vimesogea, viko karibu na ukingo wa mlango kuliko nilivyovichora. Nilikuwa napima kwa vidole vyangu. Nimeacha kupima.

Mdogo wangu alirudi kiangazi hiki. Amekonda, ana ndevu, anaongea Kiswahili cha machimboni kinachokwenda mbio. Habari za mama alizipata barabarani, kwa kijana wa bodaboda. Aliingia chumbani kwa mama akakaa kwenye kigoda, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, mgongo ameupa ukuta. Hasira ilinipanda.

"Dada, mama aliumwa nini?"

"Moyo ulisimama," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. "Presha hiyo. Hata kule imeondoka na watu wengi."

Nilimtazama. Alikuwa na macho ya mama. Nikamwambia tena, maneno yaleyale, safari hii kwa Kiha, kwa sauti ya mama alipokuwa akijibu salamu.

Macho yangu yalikwenda ukutani. Akageuka taratibu, akaiona picha, akaiona njia, akaiona miguu na ile kucha. Mkono akauweka mdomoni. Kisha akainuka. Alikifuta kigoda kwa kiganja, kama tunavyomfutia mgeni, akakirudisha hadi ukutani, chini ya ule moyo. Akasogea nyuma akaja kusimama kando yangu, na sote wawili tukabaki wima, tunangoja.