Nilivyowafunza Washauri Kunyamaza

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, kitambaa na rundo la magongo ya wagonjwa niyapanguse. Kituo chetu kilikuwa mtaa wa Mountain View. Kilikuwa kituo cha utengamao, yaani mahali ambapo mtu aliyepoteza kiungo au nguvu za mwili hujifunza upya kujiendesha. Nilikuwa kijana wa haya, nimeishia darasa la saba, na mguu wangu wa kushoto ulikuwa umelemazwa na polio tangu utotoni. Nilidhani nitapangusa magongo mpaka nizeeke.

Aliyenitoa kwenye stoo ya magongo ni Mkuu wa Ushauri, mama mrefu mwenye miwani ya kamba. Alikuwa amegundua kwamba wagonjwa waliongea nami zaidi kuliko na washauri wake.

"Huwa unawaambia nini?" aliniuliza.

"Siwaambii kitu, Madam. Naona haya."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Basi kuanzia Jumatatu utakuja kuona haya darasani kwangu."

Ndivyo nilivyokuwa mteja wa mazoezi. Mwanafunzi wa ushauri nasaha aliketi mbele yangu akanishauri, kisha mimi nikaandika kwenye karatasi jinsi nilivyojisikia. Niliandika herufi moja moja, na darasa zima lilingoja. Kosa lao lilikuwa lile lile kila mwaka: haraka ya kusaidia. Kuna aliyeninyanyua kitini kabla sijaomba. Kuna aliyemuuliza mwanafunzi mwenzake, "Huyu hunywa chai?" nami niko papo hapo. Niliandika: "Mdomo wangu hauna polio." Mkuu aliibandika karatasi hiyo ukutani.

Miaka ikapita, akanipandisha kuwa mwangalizi wa mitihani ya vitendo. Mwangalizi huketi kando na kuandika, na kikao hakifungwi mpaka akabidhi karatasi yake.

Mwanafunzi ninayemkumbuka zaidi ni Halima, binti wa mwenye duka la vitambaa mjini. Alikuwa ameanguka mtihani mara mbili kwa kuongea mno. Akianguka tena, anaondolewa. Mteja wake wa mtihani akawa Mzee Njoroge, muuza misumari na mabati wa River Road, aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Kwa wiki tatu Mzee hakusema na mtu wala kugusa mguu wa bandia aliotengenezewa. Daktari alikuwa ameshaamua: asipoanza mazoezi wiki hiyo, atarudishwa nyumbani, kitanda apewe mwingine.

Asubuhi ya mtihani Halima alinikamata kwenye korido.

"Mwalimu, nifanyeje?"

"Keti, macho yenu yalingane. Uliza swali moja. Halafu nyamaza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka yeye achoke kunyamaza."

"Wallahi nitapasuka."

Chumbani kwa Mzee, mbele ya Mkuu, watahini wawili nami, Halima alivuta kiti, akaketi. "Mzee, ungependa leo tuanzie wapi?"

Mzee akageukia dirisha. Zikapita dakika kumi, kisha ishirini. Halima alitoka jasho, akang'ata ncha ya mtandio wake. Mkuu akanipungia mkono nimalize. Karatasi yangu ilikuwa imejaa kitambo, nami sikuwa nimewahi kumdanganya bosi. Nikainamia kalamu.

"Bado naandika, Madam."

"Unaandika nini, Biblia?" alininong'oneza.

Nilikuwa naandika jina langu, tena na tena. Hatimaye Mzee akageuka.

"Wewe msichana."

"Naam, Mzee?"

"Hiyo kofia umekalia ni ya kanisa."

Halima aliruka. Kofia ilikuwa imelala kitini kama chapati. Nikajua ameanguka mtihani. Lakini Mzee alipoipokea, mabega yake yalianza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Nimengoja uanze kelele ndio nikukaripie, na wewe umenyamaza tu! Hata pole hujaniambia."

"Pole sana, Mzee."

"Sasa Jumapili nitaenda kanisani na nini?"

Halima alifungua mdomo. Niliona maneno mengi yakija; akayameza yote. Mzee akautazama mguu wa bandia uliokuwa umeegemea ukuta.

"Na nitaenda na nini," alirudia, taratibu. "Haya, lete hicho kitu tukione."

Nikakabidhi karatasi. Mkuu aliona jina langu limejaa pembeni kote, akanitazama juu ya miwani.

"Amefaulu," nilisema, mbele ya watahini wawili. Sikuwa nimewahi kusema neno pale bila kuulizwa.

"Nina macho," alijibu. "Nawe kajifunze uongo mzuri zaidi."

Nilistaafu Halima akiwa ndiye Mkuu. Kwenye sherehe ya kuniaga alinipa kipaza sauti, ukumbi umejaa washauri niliowafunza. Haya yangu ya ujana ikanirudia. Nilisimama pale dakika sijui ngapi, na hakuna aliyekohoa, hakuna aliyepiga makofi ya kunisukuma, hakuna aliyenong'ona neno la kuanzia. Walinitazama kwa utulivu, wakangoja.

Nilitabasamu mpaka machozi yakanitoka. Hakuna hata mmoja aliyenisaidia.